Ukuta Usio na Saruji: Ufundi wa Thimlich Ohinga

Majengo ya kale ya mawe yakitajwa nchini Kenya, wengi hukumbuka Gedi, Lamu au Fort Jesus. Sisi tunaoishi Kisumu na kandokando ya ziwa tunao urithi wetu wa mawe. Kusini mwa Ghuba ya Winam, katika kaunti ya Migori, yapo maboma ya Thimlich Ohinga, yanayokadiriwa kujengwa karne ya 16. Mwaka 2018 UNESCO iliyaingiza maboma hayo ya kale katika Orodha ya Urithi wa Dunia. Inafaa tuelewe kuta zake zinasimamaje, maana asiyeelewa anaweza kuziharibu kwa nia njema kabisa.

Hapo pana maboma makuu manne: Kochieng, Kakuku, Koketch na Koluoch. Kuta zina kimo cha kati ya mita 1.5 na 4.5, na unene wa mita 1 hadi 3. Hazina saruji, chokaa wala udongo wa kuunganishia. Mawe yenyewe hayakuchongwa. Huko Great Zimbabwe mafundi walikata matale yakakaribia umbo la matofali, wakayapanga kwa mistari. Wa Thimlich waliokota mawe ya vilimani yalivyo, kila moja na umbo lake, hivyo kazi yote ilikuwa katika kuchagua na kupanga.

Ukuta mmoja ni tabaka tatu. Fundi aliinua nyuso mbili za mawe makubwa, moja ya nje na moja ya ndani, kisha katikati akashindilia mawe madogo. Madogo hayo ndiyo yanayokaza makubwa yasicheze. Pale ukuta ulipohitaji nguvu zaidi, aliongeza egemeo la mawe ubavuni. Tena kuta zimepinda kulifuata boma, na ukuta uliopinda hauanguki upesi kama ule mrefu ulionyooka.

Tazama lango. Ni jembamba na fupi, na juu yake yamelazwa mawe marefu bapa yanayobeba uzito wa ukuta. Kila aingiaye huinama, na adui aliyeinama hawezi kuinua mkuki. Karibu na lango palikuwa na mahali pa mlinzi. Ndani walikaa watu na mifugo yao, na kuta ndogo ziligawa nafasi za kila mmoja. Nyumba zenyewe, za udongo na nyasi, zimekwisha. Yamebaki mashimo na alama zake ardhini.

Maboma ya namna hii yaliendelea kutumika katika bonde la ziwa hadi katikati ya karne ya 20. Usalama ulipoimarika, familia zilihamia maboma yaliyozungushiwa ua wa mnyaa, na ujuzi wa kupanga mawe ukakosa wa kuurithi.

Hapo ndipo penye hatari. Mizizi ya miti husukuma mawe, mifugo huyaparamia, na wageni hupanda juu ya kuta ili wapige picha. Sehemu ikibomoka, wazo la kwanza la wengi ni kuchanganya saruji. Wasithubutu! Ukuta mkavu hupitisha maji ya mvua katika nafasi zake na hujirekebisha kidogo kidogo ardhi inapotitia. Ukiuziba kwa saruji, maji hukwama ndani, ukuta huvimba tumboni, na upande uliotengenezwa huwa mgumu kuliko jirani yake. Ufa hufuata.

Dawa ni ileile ya zamani: kuondoa mawe yaliyolegea, kuyatambua yalikotoka, na kuyarudisha kwa mkono, moja baada ya jingine. Kazi hiyo inahitaji mafundi, na mafundi hufunzwa. Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya, kaunti za ziwa na vyuo vyetu vya ufundi wawachukue vijana wa Migori, Homa Bay na Kisumu wajifunze uashi huu wakiwa papo hapo ukutani. Nawe msomaji, nenda ukaione Thimlich. Peleka watoto, na uwakataze kupanda kuta.