Je, Wajua? Manukato Hayapendi Kutazamwa

Je, wajua kwamba zile chupa kubwa za manukato zinazopangwa kwenye dirisha la duka, zikimeremeta mchana kutwa, mara nyingi hazina manukato ndani? Ni maji yaliyotiwa rangi. Viwanda vya Ufaransa vimekuwa vikitengeneza chupa hizo za maonyesho kwa miaka mingi, na wapo watu wanaozikusanya na kuzinunua kwa bei kali ingawa hazina hata tone la kunusa. Muuzaji hawezi kuanika mali yake juani. Mteja naye akifika nyumbani analichana boksi, analitupa, kisha anaisimamisha chupa juu ya meza ya kujipambia, mkabala na dirisha, ili wageni waione. Boksi lile alilolitupa ndilo lililokuwa likifanya kazi.

Jambo hili si jipya. Theophrastus, Mgiriki aliyeishi karne ya 4 kabla ya Kristo na kuandika kitabu kizima kuhusu harufu, alieleza kwamba watengeneza manukato wa zamani zake walitafuta vyumba vya ghorofani visivyoelekea jua, na kwamba jua na joto huyanyang'anya manukato harufu yake. Miaka mia tatu na kitu baadaye, Pliny wa Roma alisema yayo hayo: jua ni adui, weka kivulini, na chombo bora ni cha alabasta, lile jiwe jeupe lililo baridi ukiligusa. Ndiyo maana wasomaji wa Injili ya Marko wanamkuta yule mwanamke wa Bethania na marhamu yake ya nardo katika chombo cha alabasta. Wazee hao walitumia pia vyombo vya madini ya risasi. Hapo tusiwaige, risasi ni sumu. Na ushauri wa ghorofani usiufuate kama unaishi chini ya bati: kwetu joto limejaa juu, kwa hiyo mahali pazuri ni chini kabisa ya kabati, upande wa ukuta usiopigwa na jua la magharibi. Mwenye kasha la bibi yake, lile la misumari ya shaba, ana hifadhi bora kuliko rafu yoyote ya kioo, kwani ukifunga kifuniko ndani ni giza totoro.

Je, wajua ni harufu ipi inayotangulia kufa? Ni ile inayokupokea sekunde za kwanza: ndimu, chungwa, bergamoti. Harufu za jamii ya michungwa zina kemikali iitwayo limonini, nyepesi na yenye haraka ya kuungana na oksijeni. Mwanga na joto huongeza kasi hiyo. Ikishaungana, ule ubichi wa ganda la chungwa unageuka kuwa kitu kinachokaribia tapentaini ya mafundi rangi. Unapuliza, unakunja uso, unadhani umeuziwa feki. Subiri kidogo, na chini yake utayakuta maua na mbao vikiwa bado salama, maana molekuli za msandali, za pachuli na za miski ni nzito na hazina papara. Kwa hiyo chupa za kuwahi kutumia ni zile kolonya nyepesi za ndimu. Zile nzito za udi na kaharabu zinaweza kungoja.

Na si suala la pua tu. Limonini mbichi haisumbui sana ngozi, ila ikishaoksidika inaweza kuleta mzio, vipele na muwasho. Linaloli, iliyomo katika lavenda na maua mengi, ina tabia hiyohiyo. Ndiyo sababu sheria za Umoja wa Ulaya zinadai majina hayo mawili yaandikwe kwenye boksi yanapozidi kiwango fulani. Ukisoma orodha ya viambato unaweza pia kukuta herufi BHT. Hicho ni kizuia-oksidi kilichotiwa makusudi kuchelewesha uharibifu.

Rangi peke yake isikutishe. Manukato yenye vanila huwa na vanilini, nayo hupiga rangi ya kahawia kadiri muda unavyopita hata kama harufu ni nzima. Yenye yasmini na maua ya mchungwa hugeuka manjano au rangi ya machungwa, kwa kuwa baadhi ya viambato vyake hukamatana na aldehidi na kuzaa rangi. Pua ndiyo hakimu.

Bafuni? Hapana. Maji ya moto, mvuke, kisha baridi, kisha mvuke tena, kila siku. Sielewi nani alianzisha desturi hiyo.

Garini ni pabaya zaidi. Gari lililofungwa vioo juani hupita nyuzi 50 za Selsiasi bila shida. Zaidi ya hapo, sehemu kubwa ya manukato ya kupuliza ni alkoholi ya ethanoli, na mvuke wa ethanoli tupu unaweza kushika moto kuanzia nyuzi 14 hivi, yaani baridi kuliko usiku wa kawaida wa Dar es Salaam au Mombasa. Wanaofukiza udi chumbani walikumbuke hilo kabla ya kuweka chetezo na chupa za manukato juu ya meza moja.

Friji je? Haidhuru, mradi chupa ikae humo moja kwa moja, si kutoka na kurudi kila asubuhi. Mafuta halisi ya waridi huwa na nta ya asili, nayo huganda hata kwenye ubaridi wa kawaida wa chumba huko Bulgaria yanakotoka. Ukiyakuta yameganda hayajaharibika. Yashike kiganjani yatayeyuka.

Je, wajua kwamba ipo maktaba ya manukato? Iko Versailles, Ufaransa, inaitwa Osmothèque. Ilifunguliwa mwaka 1990, na mtu aliyeisimamisha ni Jean Kerléo, mtengeneza manukato wa nyumba ya Jean Patou. Humo mna maelfu ya manukato, na mengi hayauzwi tena popote. Chypre ya François Coty ya mwaka 1917 unaweza kuinusa pale. Chupa zimewekwa gizani kwa nyuzi 12, na juu ya kimiminika imetiwa gesi ya argoni, gesi nzito isiyoungana na kitu chochote, ili isibaki nafasi ya oksijeni. Sisi hatuna argoni nyumbani, lakini funzo lake linatufaa: chupa iliyobaki robo ina hewa nyingi kuliko manukato, basi hiyo ndiyo ya kumaliza kwanza. Wengi hufanya kinyume, wanaibania ile robo kwa ajili ya harusi, na siku ya harusi inafika manukato yamekwisha chacha.

Kwa sababu hiyohiyo chupa ya kupuliza iliyobanwa shingo kiwandani hudumu kuliko ile ya kizibo cha kuchomoa. Kila ukichomoa kizibo hewa inaingia, na kila ukigusisha kidole mdomoni mwa chupa unaacha mafuta ya ngozi. Kumimina kwenye vichupa vya plastiki vya bei rahisi nako ni kujitafutia hasara. Ukitaka ushahidi, kamulia ganda la chungwa juu ya kipande cha boksi jeupe la povu, lile la kubebea chipsi. Povu linayeyuka mbele ya macho yako, kwa limonini ile ile.

Sasa kisa. Mwaka 1864, wakati Wamarekani wakipigana wenyewe kwa wenyewe, meli iitwayo Mary Celestia iliyokuwa ikipenya vizuizi kupeleka bidhaa kwa majimbo ya Kusini iligonga mwamba na kuzama karibu na Bermuda. Mwaka 2011, baada ya dhoruba kufukua mchanga, waakiolojia walizamia na kukuta katika sehemu ya mbele ya meli vichupa vya manukato vilivyochorwa jina la Piesse & Lubin, London. (Piesse huyo ndiye aliyepanga harufu kwa ngazi kama noti za muziki.) Karibu miaka 150 chini ya bahari, na ndani bado mlikuwa na kitu cha kunusa. Kilipelekwa maabara Marekani kwa mtengeneza manukato Jean-Claude Delville, kikapimwa, na mwaka 2014 Isabelle Ramsay-Brackstone wa Bermuda akauza toleo jipya kwa jina la meli. Mchanga uliovifunika ulivipa giza, na vizibo vilishika.

Kisa cha Titanic ni kikali zaidi. Adolphe Saalfeld, mfanyabiashara wa Manchester, alipanda na mkoba wa sampuli za manukato akitafuta soko Marekani. Yeye aliokoka, mkoba ukazama. Mwaka 2000 ulipatikana karibu mita 3,800 chini, na vichupa 65 ndani yake. Vingine vilikuwa bado vinanukia.

Mafuta yasiyo na alkoholi yana sheria zake. Mafuta ya udi, msandali na pachuli huwa mazuri zaidi yakikaa miaka. Ukali wa mwanzo hutulia, na wauzaji wa Ghuba hulipisha umri huo. Huko Kannauj, India, mji wa attari, yaani mafuta ya manukato, tangu enzi za Wamoghuli, mafuta yaliyokenekwa hutiwa katika vibuyu vya ngozi viitwavyo kuppi, maana ngozi hupitisha unyevu uliosalia huku ikiyabakisha mafuta. Pemba, kwenye kiwanda cha makonyo cha Wawi, tuna mfano wa kinyume. Mafuta ya karafuu yakiwa mapya ni ya manjano hafifu, lakini eugenoli iliyomo huyafanya kahawia yakipigwa na hewa, na yakigusana na chuma ndiyo yanazidi kuwa meusi. Karafuu inataka kioo cheusi kilichojaa hadi shingoni.

Je, wajua ile alama ya kikopo kilichofunguliwa, yenye 36M? Ni miezi ambayo bidhaa inafaa tangu kufunguliwa. Haisemi chochote kuhusu chupa iliyofungwa, wala haijui kwamba chumba chako kina dirisha la magharibi.

Chupa iliyokaa muda mrefu bila kuguswa usiihukumu kwa mpulizo wa kwanza. Mrija wake una tone lililokaa na hewa miezi yote hiyo. Puliza mara mbili tatu pembeni, ndipo upulize kwenye karatasi, si kwenye ngozi, na usubiri dakika kumi. Uchachu ukiondoka na harufu ya chini ikabaki, bado inafaa kwenye nguo nyeusi. Usipoondoka, dondoshea pamba uiweke kwenye kabati la viatu, huko hakuna atakayelalamika.