Nyumba ya trela: kwa nini uzito huulizwa kabla ya vitanda

Ndugu aliyeko Marekani akikutumia kwa simu picha ya nyumba nyeupe yenye magurudumu, imefungwa nyuma ya pikapu, usidhani amehama. Hiyo ni trela ya kulala safarini. Shule zikifungwa, familia huikokota hadi ziwani au mbugani, hupika na kulala humo siku kadhaa, kisha hurudi nayo. Nyingi hutengenezwa katika jimbo la Indiana, hasa mji wa Elkhart na maeneo ya jirani.

Tunaieleza kwa sababu wapo jamaa zetu huko wenye watoto wanne au watano, na muuzaji akiiona familia ya namna hiyo huipeleka moja kwa moja kwenye trela kubwa. Mkopo wake unaweza kulipwa kwa miaka 10 au 15, na trela huanza kushuka bei mara inapotoka dukani. Anayechagua vibaya hubaki akilipia kitu ambacho gari lake haliwezi kukivuta.

Vitu viwili ndivyo huwavutia wenye watoto. Cha kwanza ni vitanda vya ghorofa, kama vile vya bweni. Cha pili ni ukuta unaochomoza. Barabarani trela hairuhusiwi kupita upana wa mita 2.6 hivi, kwa hiyo sebule huwa nyembamba. Mkifika kambini, mnabonyeza kitufe, na sehemu ya ukuta, pamoja na kochi au meza iliyo juu yake, inatoka nje kama mtoto wa meza. Chumba kinapanuka papo hapo. Ni raha, hatukatai. Lakini mota, vyuma na sakafu ya ziada vina uzito, na uzito huo mnauvuta safari nzima.

Sasa tupige hesabu, maana hapa ndipo watu wengi huumia. Tuseme trela tupu ina kilo 2,700, na kibandiko chake kinasema isizidi kilo 3,400. Zimebaki kilo 700 za mizigo. Tangi la maji la lita 160 likijaa, hizo ni kilo 160. Zinazobaki ndizo za vyombo, chakula, nguo, magodoro na baiskeli za watoto.

Hesabu ya pili ni ya gari. Trela haivutwi tu, hulilalia gari pia. Shingo yake hukandamiza nyuma ya gari kwa asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote. Kwa trela yetu ya kilo 3,400, hizo ni kilo 340 hadi 510. Kila gari la huko lina kibandiko kwenye mlango wa dereva kinachosema linaweza kubeba kilo ngapi, watu wakiwemo. Kikisema 650, na baba, mama na watoto wanne wakawa na jumla ya kilo 380, zimebaki 270. Shingo ya trela haienei. Na hapo tangazo la gari linaweza kusema lina nguvu ya kuvuta kilo 4,000, na likawa limesema kweli.

Wengine hujaribu kupunguza uzito wa shingo kwa kusogeza mizigo nyuma ya trela. Hiyo ni hatari kuliko mwanzo. Trela iliyolemewa nyuma huyumba kama mkia wa samaki, na kwenye mwendo kasi inaweza kulipindua gari lenyewe.

Gari likikubali, ndipo mwangalie ndani. Sisi tungeanza kwa kumwambia muuzaji arudishe ukuta ndani, kwa sababu dukani trela huonyeshwa ikiwa imepanuliwa. Ikiwa imefungwa, choo kinafikika? Friji inafunguka? Mtoto akibanwa katikati ya safari, mtasimama kando ya barabara na trela itakuwa imefungwa hivyo hivyo. Watoto wasikae ndani ya trela inapotembea. Majimbo mengi yanakataza, na hata lisilokataza, mahali pao ni kwenye gari, wamefunga mikanda.

Vitanda vina kikomo chao. Vingine hubeba kilo 68 tu, vingine 136, na mtoto wa miaka 10 wa leo atakuwa kijana mrefu kabla mkopo haujaisha. Baba na alale juu yake pale dukani, asione haya. Atazame pia kama wa juu ana ukingo wa kumzuia asianguke, na dirisha la kutokea moto ukizuka.

Kwa trela iliyotumika, adui ni maji. Mpira unaoziba kingo za ukuta unaochomoza ukichakaa, mvua huingia na mbao za sakafu huoza taratibu chini ya zulia. Kanyaga kila pembe kwa kisigino. Pakibonyea, ondoka, hata bei ikiwa nzuri kiasi gani.

Mwisho ni tairi. Trela hukaa miezi mingi bila kutembea, hivyo tairi huonekana mpya huku imezeeka. Ubavuni mwake kuna namba nne za tarehe: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Namba hizo zipo pia kwenye tairi nyingi za magari ya huku kwetu, pamoja na zile mitumba zinazouzwa zikiwa zimepakwa rangi nyeusi.