Vumbi la Mbozi na taa za Hilux ya Mzee

Kama ulisikiliza episodi yetu ya safari za nyumbani, utakumbuka nilisema harakaharaka kwamba Julai iliyopita nilikaribia kumgonga baba yangu. Wengi mmeuliza ilikuwaje. Basi habari yenyewe ni hii, pamoja na kazi tuliyofanya baada ya kurudi Joburg, maana najua wengi wenu nyumbani kuna bakkie, na Desemba haiko mbali.

Tulikuwa na magari mawili. Mzee mbele na Hilux yake, mama pembeni yake, mdogo wangu kiti cha nyuma. Mimi na mjomba tunafuata. Johannesburg, Beitbridge, Harare, Chirundu, Lusaka, Nakonde: zaidi ya kilomita 2,500, karibu yote lami. Shida ilianza pale tulipoiacha lami baada ya Vwawa, kuingia ndani ya Mbozi. Kiangazi kimekolea, barabara nyekundu, upepo hakuna. Siku kama hiyo vumbi la gari la mbele haliendi popote, linasimama tu hewani. Saa kumi na mbili kasoro jioni, na taa za nyuma za Hilux naziona, halafu sizioni, halafu naziona tena.

"Mwache aende mbele," mjomba akasema. "Punguza."

Nikapunguza, ila si vya kutosha. Ng'ombe wakavuka, Mzee akafunga breki. Kitu cha kwanza nilichokiona mimi hakikuwa taa ya breki. Kilikuwa jerikeni ya njano juu ya keria, tena karibu mno. Niliposhuka, nafasi kati ya bampa yangu na mlango wake wa nyuma haikutosha hata mtu kupita.

"Ulikuwa unaangalia nini?"

"Vumbi, baba."

Hakusema neno tena mpaka tumefika kwa bibi na kusema shikamoo.

Niseme mapema: kosa lilikuwa langu. Hakuna taa inayochukua nafasi ya umbali, na kwenye vumbi unatakiwa ubaki nyuma hata kama utachelewa chakula. Lakini usiku ule sikulala vizuri, nikawa najiuliza kwa nini taa zilizokuwa zinawaka sikuziona.

Jibu moja ni mahali zilipo. Taa za kiwandani za pikapu ziko chini, pembeni mwa mlango wa nyuma, palepale matairi yanaporusha vumbi. Hewa inayozunguka nyuma ya gari inalivuta vumbi na kulibandika kwenye kioo cha taa. Baada ya nusu saa kioo kimepakwa udongo. Halafu nguvu yenyewe ni ndogo: kwa kanuni za kimataifa, taa ya kawaida ya nyuma inaruhusiwa kuanzia candela 4 tu, wakati taa nyekundu ya ukungu lazima ifike 150 na isizidi 300.

Tuliporudi nikamwambia Mzee tufunge taa za ziada. Akacheka. "Hilux hii imefika Mbozi mara ngapi bila mapambo yako?" Mwishowe akakubali twende kwa fundi umeme anayemwamini, mtu wa Lubumbashi, ambaye kila mara wanabishana kuhusu Kiswahili. Fundi akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Papa, mataa ya nyuma haiko yako. Iko ya ule mwenye anakufwata." Kwa mara ya kwanza Mzee hakumsahihisha.

Binamu yangu alitaka taa za buluu, eti kaziona kwenye video. Hapana. Hapa Afrika Kusini taa ya buluu ni ya polisi, askari wa barabarani na jeshi, na ukikamatwa nayo huna cha kujitetea. Nyeupe nayo kwa nyuma ni ya kurudi rivasi tu. Ukiwasha taa ndefu nyeupe nyuma ya gari unampofusha anayekufuata, na vumbi lote linageuka ukuta mweupe. Kwa hiyo zikabaki mbili: nyekundu au njano ya chungwa.

Hapo kuna hadithi inayorudiwa sana, kwamba njano inapenya vumbi. Chembe za vumbi la barabarani ni kubwa kuliko mawimbi ya mwanga wa rangi yoyote tunayoiona, kwa hiyo vumbi halichagui sana rangi. Wanaokimbiza magari majangwani wanaipenda njano kwa sababu nyingine: haifanani na breki. Kwenye shamba la mtu au jangwani, sawa. Ila barabara ya Mbozi ni ya umma, ina bodaboda na watoto wa shule, na huko njano maana yake gari linakata kona. Tukachagua nyekundu, mbili, zenye alama ya herufi E ndani ya duara, maana yake zimepimwa.

Wapi pa kuzifunga? Kanuni za Ulaya zinataka taa ya ukungu isizidi mita 1 kutoka chini, lakini hizo ziliandikwa kwa ajili ya ukungu na lami. Magari ya Dakar huziweka juu, vumbi linapopungua. (Hilux aliyoshindia Nasser Al-Attiyah mwaka 2019 ilijengwa hapahapa Afrika Kusini, kwa hiyo tuna haki ya kujidai kidogo.) Zetu tukazifunga juu ya kenopi, na swichi yake peke yake. Zinawashwa kwenye vumbi tu. Tukirudi kwenye lami zinazimwa, la sivyo unamchoma macho dereva wa nyuma.

Tulichukua za LED. Balbu ya kawaida inahitaji kama sekunde 0.2 zaidi ili iwake sawasawa, na kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa hizo ni mita 3 na kidogo. Mita 3 ni zaidi ya nafasi niliyobaki nayo mimi. Kwa sababu hiyo tukabadilisha na zile za breki. Kwenye boksi tafuta IP67: 6 maana yake vumbi haliingii kabisa, 7 inastahimili kuzama mita 1 kwa nusu saa.

Sasa sikiliza hii. Fundi alipofungua taa za zamani ili apitishe nyaya, akakuta waya wa erthi umeliwa na kutu. Kumbe miaka yote taa za Mzee zilikuwa zinawaka nusu nusu! Akasugua kwa msasa, akakaza skrubu, na taa zilezile zikawa kama mpya. Haikutugharimu hata randi moja. Kabla hujanunua chochote, anzia hapo. Mzee, bila shaka: "Unaona? Gari langu halikuwa na shida."

Pia tukabandika utepe mwekundu unaoakisi mwanga, kwa sababu betri ikifa taa zote zimekufa. Mmepita Zambia usiku mkaona matawi yametandazwa barabarani, halafu mbele lori jeusi limesimama? Basi. Na pembetatu zikae mahali pa kufikika, si chini ya mizigo. Sheria ya hapa inataka iwekwe mita 45 au zaidi kutoka kwenye gari.

Jioni tukaenda kujaribu mtaani, pale taa za barabarani haziwaki. Mzee akatembea hatua 150, akasimama gizani na simu sikioni. "Washa. Zima. Washa. Kanyaga breki." Nikakanyaga.

Kimya.

"Kanyaga, nimesema."

"Nimekanyaga, baba."

Taa mpya zilikuwa zinaimeza breki ya juu, ile ya katikati ya kenopi, kwa sababu fundi alizifunga karibu nayo mno. Kanuni inataka angalau sentimita 10 kati ya taa ya ukungu na ya breki. Zetu hazikufika hata nne. Kesho yake tukarudi, zikasogezwa mpaka pembeni kabisa. Tukajaribu tena. Safari hii alihesabu kila mara nilipokanyaga, moja, mbili, tatu, kisha akarudi taratibu, akafuta kioo cha taa kwa mkono wa shati.

"Desemba wewe tangulia," akasema. "Mimi nitafuata."