Kasuku Anapojua Asemalo

Jirani yangu mmoja hapa Kibingo alikuwa na kasuku. Kijana wake, ambaye ni utingo wa lori, alimleta mwaka 2019 akitokea upande wa Murongo, ndani ya boksi la sabuni lililotobolewa matundu. Alikuwa ndege wa kijivu mwenye mkia mwekundu na mdomo mweusi wenye nguvu za kuvunja kokwa. Wakamtengenezea tundu la waya, wakalitundika jikoni karibu na mafiga ili asipate baridi.

Akina mama wenzangu, kwa miezi mingi ndege yule alikuwa furaha ya mtaa mzima. Alikohoa kama babu mwenye nyumba. Alibisha hodi kwa sauti ya kiume, mama akatoka mbio na unga mikononi, kumbe mlangoni hakuna mtu. Zaidi ya yote, alijifunza kumwita binti wa tatu kwa sauti ya mama yake, ile sauti ya kumtuma maji. Mtoto aliacha mchezo wake akakimbilia nyumbani, akakuta mama yuko mgombani na kasuku anamtazama kwa jicho moja. Tulicheka sana.

Kisha kasuku akaanza kujinyonyoa. Alianzia kifuani, akaendelea chini ya mabawa, hata akabaki ngozi tupu kama kuku aliyetoka kwenye maji ya moto. Kichwa tu ndicho kilichobaki na manyoya, kwa sababu mdomo wake haukuweza kukifikia. Wapo waliosema amerogwa. Bwana mifugo tuliyemwendea alituambia kwa unyofu kwamba yeye amesomea ng'ombe, mbuzi na kuku. Basi jirani akanigeukia mimi, kwa kuwa anajua napenda kusoma.

Nilianza kutafuta habari za ndege hawa nikitumaini kupata dawa ya manyoya. Nilichokutana nacho kwanza ni habari za kasuku mmoja wa Marekani, nazo ndizo zilizonifanya niandike ukurasa huu.

Ndege aliyekwenda shule

Mwaka 1977 mwanamke mmoja msomi, Dk. Irene Pepperberg, aliingia katika duka la wanyama wa kufugwa mjini Chicago akanunua kasuku wa kijivu mwenye umri wa kama mwaka mmoja. Alimwita Alex. Wakati huo wataalamu wengi waliamini kwamba ndege ana ubongo mdogo mno kuweza kufikiri, na kwamba kasuku hurudia maneno tu kama kinasa sauti. Hata sisi tunasema "kuimba kama kasuku" juu ya mtoto anayekariri asichokielewa.

Njia ya Dk. Pepperberg ilikuwa rahisi, na kila mama aliyelea watoto wawili kwa pamoja ataielewa. Watu wawili walikaa mbele ya ndege. Mmoja alishika kitu, tuseme ufunguo, akamwuliza mwenzake ni nini. Akijibu sawasawa alipewa kitu chenyewe akichezee, akikosea alinyimwa. Ndege akiona mwingine anapata, naye alitaka kujibu. Mtoto mdogo hujifunza hivyo hivyo kwa kumwonea wivu kaka yake.

Kwa miaka 30 Alex alijifunza majina ya vitu zaidi ya hamsini, rangi saba na maumbo matano, na aliweza kutaja idadi hadi sita. Akiwekewa sinia yenye vitu vya rangi mbalimbali, aliweza kuulizwa vya kijani ni vingapi, naye akahesabu hivyo tu na kuviacha vingine. Mwaka 2005 ilitangazwa kwamba alikuwa akitumia neno lake la "hakuna" pale ambapo kitu alichoulizwa hakikuwapo kwenye sinia. Tufaa alilipa jina alilolitunga mwenyewe kwa kuunganisha ndizi na cheri. Sisi watu wa ndizi tutamsamehe kwa kuazima. Katika kitabu cha Mwanzo Adamu ndiye aliyewapa wanyama majina, na hapa nasoma juu ya mnyama anayevipa vitu majina. Nikiri kwamba niliweka karatasi chini nikanyamaza kidogo.

Lakini kuna habari moja ya Alex iliyonigusa kuliko hesabu zake. Aliwahi kuugua mapafu, ikabidi aachwe kwa daktari wa mifugo. Dk. Pepperberg amesimulia kwamba alipogeuka kuondoka, ndege alimwita aje, akamwambia kwamba anampenda, akaomba radhi kana kwamba anaadhibiwa kwa kosa, na akataka kurudi nyumbani. Nani kati yetu hajamwacha mtoto wodini akasikia maneno ya namna hiyo? Wataalamu watabishana kama Alex alielewa kila neno. Kwamba aliogopa kuachwa, sidhani kuna wa kulibishia hilo.

Alex alifariki ghafla usiku mwezi Septemba 2007, akiwa na miaka 31, kwa ugonjwa wa moyo na mishipa. Kasuku wa kijivu akitunzwa vizuri anaweza kuishi miaka arobaini na zaidi. Mabawa yake yalikatwa akiwa mdogo, na maisha yake yote alikaa katika vyumba vya watu, katika chuo kimoja baada ya kingine.

Nani alimwuliza yeye?

Sisemi kwamba utafiti ule ulikuwa dhambi. Bila Alex, tungeendelea kuwaita kasuku vinasa sauti. Na katika maabara ile kulikuwa na jambo jema: ndege alifundishwa kusema anapochoka na kutaka kurudi kwenye tundu lake. Kuna siku alikataa kabisa kazi, akataja majina yote isipokuwa lile lililotakiwa. Wenye watoto wa shule mnaijua tabia hiyo.

Swali langu ni juu ya wale wengine, wasiofundishwa neno la kukataa. Sheria ya Marekani ya kuwalinda wanyama ilitungwa mwaka 1966, lakini mwaka 2002 iliandikwa wazi kwamba panya na ndege waliozalishwa kwa ajili ya utafiti hawamo ndani yake. Yaani ndege anaweza kuonyesha kwamba anajua kuhesabu, na sheria hiyo isimhesabu yeye. Kanuni za kuwalinda ndege chini ya sheria ile zilianza kutumika mwaka 2023 tu, nazo zinawagusa ndege wengine. Wale waliozalishwa kwa utafiti bado wameachwa nje. Kuna vyuo vyenye kamati na taratibu zake, lakini taratibu ya chuo si sawa na sheria. Kwetu Tanzania tunayo Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, ingawa wengi wetu hatujawahi kuisikia.

Utafiti wenyewe, jinsi unavyoendelea, ndio unaozidi kuwashtaki wanadamu. Mwaka 2014 wataalamu wa Vienna, Austria, walitangaza matokeo ya kupima damu ya kasuku wa kijivu wa kufugwa. Ndani ya chembechembe za mwili kuna nyuzi zinazobeba urithi, na ncha za nyuzi hizo hufupika kadiri kiumbe anavyozeeka. Waliwalinganisha kasuku wanaokaa wawili wawili na wale wanaokaa peke yao. Kasuku wapweke wenye miaka tisa walikuwa na ncha fupi sawa na za wenye wenzi waliowazidi miaka 23. Upweke ulikuwa umewazeesha mwilini. Niliposoma hayo nilikumbuka lile tundu la jikoni, na kifua kile kilichonyonyoka.

Na mwaka 2020 zikaja habari kutoka kisiwa cha Tenerife. Kasuku wa kijivu waliwekwa wawili wawili, kila mmoja chumba chake, katikati kukiwa na kitundu. Walikuwa wamefundishwa kumpa mtu kipande cha chuma na kulipwa chakula. Mmoja alipewa vipande lakini hakuwa na njia ya kumfikia mtu. Mwenzake aliweza kumfikia mtu lakini hakuwa na vipande. Saba kati ya wanane, mara ya kwanza tu, walipitisha vipande kwa jirani yake ili ale, wao wenyewe wasipate kitu. Walifanya hivyo hata kwa ndege asiye rafiki yao, ingawa kwa rafiki walitoa zaidi. Hakuna aliyewafundisha kutoa. Najua nyumba za Wakristo ambamo chumvi haipiti dirishani namna hiyo.

Hapa ndipo ninaposimama. Ukishagundua kwamba kiumbe anamjua mwenzake, anamsaidia, na anazeeka kwa kukosa mwenzake, huwezi tena kumweka peke yake na kusema hukujua. Mithali 12 mstari wa 10 inamtambua mwenye haki kwa jinsi anavyoujali uhai wa mnyama wake.

Walikotoka

Kasuku huyu si mgeni wa mbali kwetu. Makao yake ni misitu mikubwa kutoka Afrika Magharibi, kupita Kongo na Uganda, hadi magharibi mwa Kenya na pembe hii ya kaskazini-magharibi ya Tanzania. Huruka kwa makundi makubwa, wakiitana asubuhi na jioni. Hutaga kwenye shimo la mti mkubwa, jike akilalia mayai na dume akimletea chakula. Jambo hilo la dume naomba msomaji amsomee mume wake.

Kuwakamata, wawindaji hupaka ulimbo kwenye matawi au huwatoa makinda shimoni. Wengi hufa kabla ya kufika sokoni, kwa kiu, kwa kubanana na kwa hofu. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980 hadi katikati ya miaka ya 2010, kasuku zaidi ya milioni moja waliokamatwa porini waliandikishwa kuuzwa nje ya nchi zao, na hapo hatujawataja wa magendo. Nchini Ghana karibu wamekwisha. Mwaka 2016, katika mkutano uliofanyika Johannesburg, mataifa yalikubaliana kupiga marufuku biashara ya kimataifa ya kasuku wa kijivu waliokamatwa porini. Mwaka huo huo Tanzania nayo ilisimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai kwenda nje. Hata hivyo magendo ya kutoka Kongo hayajakoma, na kituo cha wanyamapori cha Entebbe kimepokea kasuku waliokamatwa njiani. Ndege wa jirani yangu, katika boksi lake la sabuni, bila shaka alipita njia hiyo hiyo.

Kama tayari yuko nyumbani kwako

Kumnunua usimnunue, wala usikubali kuletewa zawadi. Kumweka mnyamapori bila kibali ni kosa kisheria, na kila anayenunua mmoja anamtuma mwindaji akalete mwingine. Lakini kama yuko tayari, usimfungulie tu mlango. Ndege aliyelelewa tunduni hajui kutafuta chakula na atauawa na mwewe au na manati ya watoto. Toa taarifa kwa ofisa wanyamapori wa wilaya.

Wakati ukingoja, mtoe jikoni. Mapafu ya ndege ni dhaifu sana mbele ya moshi kuliko yetu. Mpe tundu pana la kutosha kunyoosha mabawa yote mawili, lenye vijiti vya mti halisi avitafune, mahali anapowaona watu mchana na penye giza na utulivu usiku. Alizeti peke yake humletea unene na upungufu wa madini ya mifupa. Mpe matunda, mboga za majani, mahindi mabichi na maharage yaliyopikwa. Parachichi ni sumu kwake, msisahau, maana kwetu yamejaa kila ua. Vivyo hivyo kahawa, hata ile ya kutafuna tunayowakaribishia wageni. Na wale wanaompa lubisi ili wamcheke akilewa, wajue wanamwua.

Kwa ajili ya watoto wenu pia kuna tahadhari. Kasuku anaweza kuambukiza homa inayoshambulia mapafu, hasa kwa vumbi la kinyesi kilichokauka. Lowesha tundu kwa maji kabla ya kulisafisha, nawa mikono kwa sabuni, na usimruhusu mtoto kumbusu mdomoni. Mtu akipata homa na kikohozi, mwambie mganga kwamba nyumbani kuna kasuku.

Jirani yangu alisita muda mrefu kwenda wilayani. Aliogopa kushtakiwa, na nadhani aliogopa zaidi ukimya utakaobaki. Tulihamisha tundu barazani, tukaliongeza, na babu mwenyewe akajipa kazi ya kukaa naye kila jioni akimenya maharage. Baada ya miezi michache manyoya madogo ya kijivu yalianza kuota kifuani. Mwaka 2022 walikwenda kutoa taarifa, mama na babu pamoja. Walionywa, wakaandikishwa maelezo, na ndege akachukuliwa.

Binti wa tatu alilia siku mbili. Tundu sasa wanaweka vifaranga, na babu bado anamenyea maharage pale pale barazani.