Mimba kwenye jua la Lokichoggio

Anayetoka Lodwar, katika kaunti ya Turkana nchini Kenya, kuelekea mpaka wa Sudan Kusini hupita Kakuma, kisha huingia Lokichoggio, mji ambao mchana wake mara nyingi huvuka nyuzi joto 35. Jua hilo humchosha kila mtu. Mjamzito humchosha zaidi, maana mwili wake wenyewe tayari unazalisha joto la ziada.

Hadi kufikia miezi ya mwisho, damu yake huwa imeongezeka kwa takriban asilimia 40 hadi 50. Moyo hupiga kwa kasi zaidi, mishipa hulegea, na katika miezi ya kati presha hushuka kidogo. Ndiyo maana mwanamke aliyeinama kuchota maji kwenye shimo la mchangani, mtoni, huona kizunguzungu anapoinuka ghafla. Si uvivu, wala hadeki.

Kichefuchefu huanza mapema, aghalabu wiki ya sita, na kwa wengi hupungua mimba inapokaribia miezi minne. Homoni iitwayo projesteroni hulegeza misuli ya tumbo na utumbo, chakula kikatembea polepole. Hapo ndipo kiungulia na choo kigumu hutokea. Mji wa mimba nao hukibana kibofu, na haja ndogo haiishi. Maji yakiwa haba na choo kiko mbali, wanawake wengi huamua kunywa kidogo. Uamuzi huo unaeleweka, lakini una gharama: choo huzidi kuwa kigumu, na maambukizi ya njia ya mkojo hupata nafasi. Mtungi wa lita 20 ukifika nyumbani, mjamzito anastahili kunywa kabla ya mbuzi.

Wengine hutamani odowa, yale mawe laini yauzwayo sokoni. Mara nyingi tamaa hiyo huandamana na upungufu wa damu, kwa hiyo inafaa kumweleza nesi bila aibu. Kliniki hutoa vidonge vya madini ya chuma na asidi ya foliki vya kumeza kila siku. Choo kikigeuka cheusi, ni madini hayo tu. Hakuna sababu ya kuviacha. Kuvimeza kwa chai, hata hivyo, hupunguza kazi yake. Afadhali maji.

Moyo wa mtu nao hubadilika. Furaha ya asubuhi hugeuka kilio jioni, hasira hupanda kwa jambo dogo, usingizi hukatika. Mume akiwa malishoni kwa wiki kadhaa, au ikiwa mama ni mkimbizi wa kambi ya Kakuma aliyeacha ndugu ng'ambo ya mpaka, wasiwasi una chanzo cha kweli. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika nchi zinazoendelea asilimia 15.6 ya wajawazito hupata tatizo la afya ya akili, hasa sonona. Huzuni ikidumu wiki mbili mfululizo, au mama akiwaza kujidhuru, hilo ni suala la kliniki kama ilivyo homa.

“Ni mimba tu,” huambiwa mwanamke kila anapolalamika, na mara nyingi ni kweli. Miguu kuvimba jioni ni kawaida. Uso na mikono kuvimba, kichwa kuuma sana na macho kuona ukungu baada ya wiki ya 20 si kawaida: huenda ni presha ya mimba, nayo yaweza kuleta kifafa. Kutokwa damu, kuvuja maji, au mtoto kupunguza kucheza pia havingoji kesho.

Lokichoggio ina hospitali ya Lopiding, iliyofunguliwa na Msalaba Mwekundu mwaka 1987 kwa ajili ya majeruhi wa vita vya Sudan na kukabidhiwa serikali ya Kenya mwaka 2006. Hospitali ya rufaa ya kaunti iko Lodwar, safari ya takriban kilomita 200. Umbali huo ndio unaofanya kupimwa presha mapema kuwe na maana kubwa. Tangu 2016 Shirika la Afya Duniani linapendekeza mjamzito aonane na wahudumu wa afya mara 8, ya kwanza kabla ya wiki ya 12.

Ifikapo miezi saba, familia inahitaji kuwa imepanga nani ana gari, nani atamsindikiza mama usiku, na nani atabaki na watoto na mifugo. Mume na mama mkwe wawepo mazungumzo hayo yanapofanyika, na kijitabu cha kliniki kikae mahali ambapo jirani naye anaweza kukipata.