Kamera yamnasa okapi gizani

WAKONGO wengi waliopokewa Kenani, wilayani Nchelenge, kuanzia 2017 walitoka Katanga na Tanganyika. Okapi wanamjua kwa picha tu. Makao yake ni misitu ya kaskazini mashariki, mbali na Ziwa Mweru, na porini haishi nchi nyingine yoyote.

Ni ndugu wa twiga, mwenye milia miguuni, na ni mwoga mno. Virunga ilidhaniwa ametoweka, hadi dalili zake zilipoonekana tena mwaka 2006, baada ya karibu miaka 50. Lakini nyayo si mnyama.

Mwaka 2008 taasisi ya hifadhi ya Kongo, ICCN, na wataalamu wa wanyama kutoka London walitega kamera. Hufungwa kwenye mti, kando ya njia ya wanyama. Kiumbe chenye joto kikipita, inapiga yenyewe, mchana au usiku. Haihitaji mlinzi, ingawa kwa mbao na mkaa unaotoka msituni humo, mimi ningeifunga kwa mnyororo.

Okapi akanaswa, hata gizani. Wataalamu hao walitangaza kuwa hizo ni picha za kwanza za okapi akiwa porini. Milia ikawatambulisha watatu tofauti.

Vita haikuwaacha. Juni 2012 wanamgambo walivamia Epulu, Ituri, wakaua watu na okapi 14 waliofugwa kituoni.

Nilimsimulia haya mama mmoja muuza dagaa.

“Sasa mwanangu, nyama yake ni bei gani?”

“Hauzwi, mama. Sheria inamlinda tangu 1933.”

“Na ikishakaushwa moshini, nani atajua?”