Matumbawe Yanayoishi kwa Nuru: Tangi la Nyumbani na Bahari ya Malindi

Utangulizi

Mwenyeji wa mwambao wa Malindi na Kilifi hulijua tumbawe kwanza kama jiwe. Kuta za magofu ya Gede zilijengwa kwa mawe ya matumbawe, na vivyo hivyo misikiti mingi ya kale. Hata hivyo, jiwe hilo ni masalia tu. Tumbawe lenyewe ni mnyama. Makala haya yananuia kueleza jinsi mnyama huyo anavyojilisha kwa nuru, masharti ya kumfuga nyumbani, na funzo ambalo masharti hayo yanawapa watu wa pwani.

Maumbile ya Gogonia

Tumbawe ni mkusanyiko wa wanyama wadogo sana waitwao polipi. Miongoni mwa matumbawe wapo gogonia, ambao hawajengi mwamba. Badala ya mifupa ya mawe, gogonia ana uti wa protini unaopindika, hivyo huyumba majini mithili ya tawi au upepeo. Kila polipi wake ana minyiri minane.

Gogonia wamegawanyika katika makundi mawili. Kundi la kwanza huhifadhi ndani ya nyama yao mwani usioonekana kwa macho matupu. Mwani huo hufanya usanisinuru na kumpa mnyama sehemu ya sukari; naye huupa makao na mbolea itokanayo na taka zake. Kundi la pili halina mwani, bali hunasa vijidudu vinavyopita majini. Aghalabu rangi ya kahawia, kijivu au zambarau iliyofifia ni dalili ya kundi la kwanza, ilhali nyekundu au manjano kali ni ya kundi la pili. Wengi wa gogonia wenye mwani wanaofugwa asili yao ni Bahari ya Karibea. Katika Bahari ya Hindi, kazi hiyo ya usanisinuru hufanywa zaidi na matumbawe magumu yajengayo miamba.

Masharti ya Ufugaji

Sharti la kwanza ni taa kali, iwake saa 8 hadi 10 kila siku. La pili ni maji yenye joto la nyuzi 24 hadi 27 za Selsiasi na chumvi ya takribani gramu 35 kwa kilo. Maji yanapopungua kwa kuvukizwa huongezwa maji baridi yaliyosafishwa, kwani chumvi haivukizwi. La tatu ni mkondo. Gogonia hujivika utando kama nta, kisha huuvua pamoja na uchafu ulionata. Pasipo mkondo, utando husalia na nyama iliyo chini yake huoza. Umeme ukikatika kwa muda mrefu, pampu husimama na hewa majini hupungua.

Funzo kwa Pwani

Masharti hayo ndiyo yayo hayo ya baharini. Mvua inaponyesha bara, mto Sabaki huleta udongo. Wakati wa kaskazi, mkondo husukuma tope hilo kusini, kuelekea hifadhi ya bahari ya Malindi iliyoanzishwa mwaka wa 1968. Tope hilo ni kama taa iliyozimwa. Aidha, mwaka wa 1998 joto la bahari lilipanda kupita kiasi. Matumbawe yaliutoa mwani wake, yakawa meupe, na sehemu kubwa ya matumbawe ya Malindi na Watamu ikafa. Mwenye tangi hupunguza joto kwa kubonyeza swichi. Mvuvi hana swichi, na samaki wake hutegemea mwamba ulio hai.

Hitimisho

Ndani ya hifadhi ni marufuku kuokota tumbawe lolote, na mfugaji mwadilifu hana haja ya kulichukua baharini: tawi la gogonia likikatwa na kushikizwa kwenye jiwe, hukua likawa mnyama mpya. Ufundi wa namna hiyo hutumika Kuruwitu, Kilifi, ambako wenyeji walifunga sehemu ya maji yao ya uvuvi mwaka wa 2005. Siku hizi vipande vya matumbawe hukuzwa huko na kurudishwa mwambani. Kwa hiyo, elimu ya tangi yaweza kuifaa bahari, mradi tangi lisijazwe kwa kuipora.